Tochi ya Kupima Spidi Ipo, ya Kupima Taa Haipo

Makamanda, leo naomba mniruhusu niweke pembeni daftari la wapiga kura na katiba, niongelee globu. Ndiyo, globu ya gari. Najua kuna watakaosema kijana kaishiwa hoja. Subirini kwanza.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano upande wa Mikumi. Mkutano wa hadhara, kama mnavyojua, saa 12 jioni lazima uwe umefungwa, na kwetu sisi tusio na ving'ora hapo ndo safari ya kurudi inaanza. Tukapanda Noah ya mwenyekiti wetu wa kata, watu 8, bendera zimekunjwa nyuma, tukaanza kuitafuta Morogoro. Ndani ya hifadhi tulikwenda taratibu kwa kuogopa tembo. Tulipotoka hifadhini na kuikaribia Doma, dereva akakanyaga.

Mbele yetu likaja lori, taa nyeupe kama za mtu anayechomelea geti. Dereva wetu akapiga ishara ya kumwomba adimu, mara ya kwanza, mara ya pili, jamaa hana habari. Kwa sekunde kama 3 hivi hatukuona kitu, si mstari, si ukingo wa lami. Lori lilipopita, kamwanga ketu ka njano kakarudi, na ndani yake yupo mzee na baiskeli ya mkaa. Magunia 3. Hana taa, hana hata kibandiko cha kung'aa. Dereva alimkwepa kwa kuvamia upande wa pili wa barabara. Kungekuwa na gari la pili nyuma ya lile lori, makala hii ingeandikwa na mtu mwingine.

Tulisimama, tukarudi kwa miguu kumwamkia na kumwomba radhi. Hakuwa na hasira. Alisema, "Wanangu, mimi niliwaona toka kule mbali. Nikajua na nyie mmeniona."

Hiyo sentensi sijaweza kuisahau. Ukiwa gizani unaliona gari toka kilomita nzima, unadhani na lenyewe linakuona. Halikuoni. Gari linaona pale tu taa yake inapofika, na taa zetu nyingi hazifiki mbali.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiyesinzia, anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga breki: hapo mita 33 zimeshakwenda. Breki nzuri na tairi nzuri kwenye lami kavu zinataka mita kama 36 nyingine. Jumla karibu mita 70. Sasa taa ya halojeni ikiwa dimu, tena ikiwa nzima na imepangwa vizuri, mtu aliyevaa nguo nyeusi inakuonyesha kwenye mita 50 au 60. Maana yake kwa spidi ya 80 ukiwa kwenye dimu unaendesha kwa imani. Ukishuka hadi 60 unahitaji mita 45 hivi, hapo angalau unasimama ndani ya kile unachokiona. Na ukipofushwa sekunde 3 kwa spidi ya 80, umetembea mita 66 kama mtu aliyefunga kitambaa machoni.

Ndiyo maana kila kijana mwenye gari siku hizi anafunga LED. Siwalaumu, maana na mimi nilifunga.

Nina IST ya zamani. Mwaka jana nilinunua jozi ya LED kwa 45,000, kwenye boksi pameandikwa namba kubwa kubwa za mwanga, fundi akazifunga kwa dakika 10. Usiku wa kwanza nilijiona mfalme: mbele ya gari peupe pe! Usiku wa tatu nikaanza kushtuka. Mita 20 za kwanza zinang'aa kama uwanja wa mpira, lakini kule mbali, kule ambako mzee wa mkaa angekuwepo, giza limezidi kuliko mwanzo. Na kila ninayekutana naye ananipigia full. Nikawa nakasirika, "mbona nipo dimu jamani!" Nilikuwa dimu kwenye dashibodi tu. Barabarani nilikuwa lile lori.

Sababu yake ni rahisi ukieleweshwa, na mimi alinieleza fundi umeme mmoja mtu mzima ambaye hakuwa na haja ya kuniuzia kitu. Ndani ya taa kuna bakuli la kung'aa. Bakuli lile limechongwa kwa ajili ya kijiwaya kidogo cha globu ya halojeni, kikae mahali pake kamili. Globu ya H4, ambayo ndiyo magari mengi madogo ya mtumba yanaitumia, ina vijiwaya 2: cha full na cha dimu. Cha dimu kina kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli, na ndicho kinachofanya mwanga ukatike safi usimpande mwenzako usoni. Ukichomoa globu hiyo ukaweka vipande vya LED vyenye umbo jingine na vimekaa mahali pengine, hata kwa tofauti ya milimita moja, bakuli halijui la kufanya. Linautawanya mwanga juu, pembeni na puani mwa gari. Na jicho lako likishaona weupe mwingi hapo karibu, mboni inajibana, mbali unaona kidogo zaidi. Umelipa 45,000 ili uone vibaya na umpofushe mwenzako juu.

Zenoni za kupachika kwenye taa ya halojeni ni hivyo hivyo, tena mbaya zaidi kwa sababu zina nguvu. Globu za rangi ya bluu ndo usiseme: rangi ile inameza mwanga, unabaki na urembo. Na wale wanaoweka globu za wati 100 badala ya 60 na 55 za kawaida, soketi itayeyuka na waya utaungua.

Kwa hiyo mtu afanye nini? Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo, maana ni mambo ya bei ndogo.

Angalia kwanza kioo cha taa yako mchana. Kile si kioo, ni plastiki, na jua letu limekipika kikawa cha njano na ukungu. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018: taa zilizochakaa hivyo zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya kwenye dimu. Yaani karibu theluthi nne kati ya tano... samahani, sehemu nne kati ya tano za mwanga zimekwama kwenye uchafu! Hakuna globu ya dunia hii itakayotibu hilo. Msasa wa maji, unaanza mkavu kiasi kama namba 800, unapanda 1500, unamaliza na 2000 au 3000, kisha polishi, kisha dawa ya kuzuia jua, maana usipoweka hiyo ya mwisho baada ya miezi michache njano inarudi. Dawa ya meno inang'arisha kweli, ila usitarajie idumu.

La pili ni umeme, na hili mafundi wetu wengi wanaliruka. Globu ya halojeni haipungui mwanga polepole volti ikipungua, inaporomoka. Ukipoteza asilimia 10 ya volti njiani, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Na gari la miaka 20 lazima linapoteza: nyaya nyembamba, swichi imechoka, kiungo cha bodi kina kutu. Chukua mita, gari likiwa linaunguruma na taa zimewaka, pima kwenye betri, halafu pima palepale nyuma ya globu. Betri ikisema 14 na globu ikisema 12, mwizi wako umempata. Dawa yake ni rilei 2, fyuzi, waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja, na swichi ya zamani inabaki ya kuamsha rilei tu. Safisha na sehemu ya kufunga bodi. Kwenye ile Noah tulifanya hivyo wiki iliyofuata, pamoja na msasa na jozi mpya ya H4 za kawaida kabisa, halojeni kwa halojeni. Vyote havikufika bei ya LED zangu. Mwenyekiti alipoiwasha usiku akauliza tumefunga zenoni gani.

(Globu mpya usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaiua mapema.)

La tatu ni kuzipanga. Hili ni bure kabisa na ndilo linalookoa wengi. Simamisha gari mahali tambarare, tairi zina upepo wake, mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani kwenye urefu uleule wa katikati ya taa. Washa dimu. Mstari ambapo mwanga unakatika uwe kama sentimita 10 chini ya ile alama. Ukiwa juu ya alama, wewe ni muuaji na hujui. Ukiwa chini sana, unamulika lami ya miguuni mwako. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya taa. Na kama gari lako lina kile kigurudumu cha 0 mpaka 3 karibu na usukani, si pambo: ukijaza watu na mizigo nyuma, pua inainuka, unatakiwa ukizungushe taa zishuke.

Tuna bahati moja. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa za magari yao zinanyanyua mwanga kidogo upande wa kushoto, pembeni kwa waenda kwa miguu, na kuushusha upande wa kulia anakotokea mwenzako. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia linafanya kinyume. Malori ya Rwanda, Burundi na Congo yanapopita kwetu na taa za namna hiyo, mwanga unapanda upande wako hata dereva akiwa muungwana. Ukitaka kweli kupanda daraja, tafuta taa nzima iliyotoka kiwandani ikiwa ya zenoni au LED yenye lenzi yake, ya toleo la juu la gari lako hilohilo, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushoto. Zipo za mtumba. Ni ghali, lakini hiyo ndiyo maboresho. Kupachika globu ni kamari.

Sasa turudi kwenye siasa, maana sikuja hapa kufungua gereji.

IST yangu ilipokuwa Japani, ilikuwa inapelekwa ukaguzi wa lazima kila miaka 2. Kule wana mashine inayokaa mbele ya taa, inapima mwanga unafika wapi na una nguvu gani. Kila taa lazima itoe angalau kandela 6,400 na ikatikie mahali pake, la sivyo gari halirudi barabarani. Gari lilelile likafika bandarini Dar es Salaam, likalipiwa ushuru na VAT ya asilimia 18. Tangu lilipokuwa mikononi mwangu, miaka yote hii, hakuna chombo cha Serikali kilichowahi kupima taa zake. Hakuna. Nimenunua stika ya Nenda kwa Usalama, nimeibandika kwenye kioo. Aliyeniuzia alizunguka gari mara moja, akasema washa, zima, nenda. Taa ikiwaka ni nzima. Inamulika wapi, hilo si swali.

Lakini tochi ya kupima spidi ipo! Tochi zipo kila kichaka, zina betri nzuri na mtu wa kuzishika. Ukipita kijijini na 53 unapigwa 30,000 na karatasi ya kulipia unapewa palepale. Sipingi kudhibiti spidi, hesabu ya hapo juu inanisuta. Nauliza tu kwa nini kifaa pekee tulichokipata cha usalama ni kile chenye mapato.

Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Tukaambiwa sasa kila mtu anachangia. Ni kweli, hata yule mzee wa Doma akinunua mafuta ya taa anachangia, maana na yenyewe iliongezwa. Juu ya hiyo kuna tozo ya Mfuko wa Barabara. Sasa mtu aniambie kwa nini barabara inayobeba mizigo ya nchi 4 ina vipande ambavyo mstari mweupe wa pembeni umefutika na mvua, haujapakwa tena. Mstari ule na vile vidude vinavyong'aa katikati ya lami vinarudisha mwanga wa taa yako kwako. Barabara yenye mstari inaifanya taa dhaifu itoshe. Barabara isiyo na mstari inaimeza hata taa ya milioni. TANROADS wanajua hili kuliko mimi.

Na mwaka 2023 zuio la mabasi kusafiri usiku liliondolewa baada ya kudumu karibu miaka 30. Nililiunga mkono na bado naliunga mkono, watu wafanye kazi saa 24. Lakini ukiruhusu usiku inabidi uulize usiku una nini. Kilichobadilika barabarani usiku ule ni ratiba.

Kuna kamanda mwenzangu aliniambia suluhisho ni kupiga marufuku LED zisiingie nchini, na trafiki wafanye operesheni ya kuzing'oa. Nakataa. Operesheni tunazijua zinavyoishia, bodaboda atang'olewa taa na V8 yenye kimulimuli kwenye grili itapigiwa saluti. Isitoshe, kijana anafunga LED kwa sababu taa yake ni mbovu na barabara ni giza. Ukimng'oa bila kumtibu, umemrudisha kwenye giza lake. Na atakapopofushwa na lori usiku huohuo, kesho ataenda kununua kali zaidi. Tumeingia kwenye mashindano ambayo kila mmoja anaongeza mwanga kwa sababu mwenzake kaongeza, na anayelipa ni mwenye baiskeli, ambaye hana taa ya kushindana nayo.

Tunachotakiwa kukidai ni kidogo na kinahesabika. Kila wilaya iwe na mashine ya kupangia taa, ni kijisanduku chenye lenzi kwenye magurudumu, kinaingia kwenye karakana yoyote. Stika isitolewe mpaka gari limepita mbele yake, na likishindwa lirekebishwe palepale bila faini. Mikataba ya matengenezo ya barabara ihesabu mistari kama inavyohesabu lami, mkandarasi asilipwe mpaka mtu amepita usiku na kuiona. Na vibandiko vya kung'aa vya baiskeli na mikokoteni vigawiwe bure kwenye vijiji vya barabara kuu. Kile kibandiko ambacho mzee hakuwa nacho kingetuonyesha baiskeli yake toka mbali sana hata kwa taa zile mbovu za Noah.

Wenzetu wa chama tawala mtasema mambo haya yamo kwenye mipango. Sawa. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imenikuta sijazaliwa na ina vifungu vya taa. Mipango hatujakosa.

LED zangu nimezing'oa, zipo kwenye boksi lake, na siziuzi, maana nitakuwa nimemhamishia mtu mwingine dhambi. Jumamosi hii kuanzia saa 11 jioni tutakuwa kwenye ofisi yetu ya kata. Ule ukuta wa upande wa uwanja tumeupaka chokaa nyeupe na tumepima mita 10 kwa kamba. Aje yeyote, awe na kadi ya chama chochote au hana, gari, bajaji au boda. Fundi wetu atakuwepo na mita ya umeme, kupanga taa ni bure, msasa kila mtu aje na wake. Mkiweza njooni na bisibisi ya nyota ndefu, tunayo moja tu. Na yule mzee wa mkaa tulichukua jina la kijiji chake. Jumapili tunapita kumpelekea vibandiko, na tutapita mchana.